Netiboli haiishii fomu foo: niliyoyasema Tononoka

Wengi wameniomba niandike yale nilioongea Tononoka, hapa Mombasa, ile Jumapili mbele ya walimu, wazazi na mabinti. Sikuwa na karatasi, nilisimama tu nikaongea, kwa hivo naandika vile nakumbuka, na maswali nilioulizwa nimeyaacha mahali pake.

Assalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Walimu wangu shikamooni, wazazi karibuni, na nyinyi mabinti mlojibana kule nyuma hebu sogeeni mbele, viti viko tele na leo ni siku yenu. Nimeambiwa niongee kuhusu michezo ya wasichana, lakini wallahi mimi michezo yote siijui, mimi ni mtu wa netiboli tangu darasa la tano, basi ntawapa habari ya ligi moja tu, ligi kuu ya netiboli ya Uingereza, wenyewe waiita Netball Superleague, ilivyozaliwa na yaliyoipata mpaka leo, maana ndani ya ligi hio wamepita watoto wa kike wa Uganda na Malawi walioanzia kwenye viwanja vya nje vya jua kali kama hivi vyetu, na mimi kila nikiwatazama moyo waniuliza, wa Pwani yuko wapi?

Tuanze na mchezo wenyewe, kidogo tu. Basketboli ilibuniwa Marekani mwaka 1891 na James Naismith, mwaka wa pili yake mwalimu wa kike, Senda Berenson, akaigeuza ili wasichana wacheze, halafu miaka hio hio ya 1890 ikavuka bahari ikafika Uingereza kwenye chuo cha walimu wa mazoezi cha mama mmoja wa Sweden, Martina Bergman-Österberg, na huko ndiko ilikogeuka ikawa kitu chengine kabisa. Ubao ukatolewa, kudunda mpira kukakatazwa, uwanja ukagawanywa kila mtu na eneo lake, na 1901 sheria zikachapishwa. Walimu wa namna hio ndio walioubeba wakaja nao makoloni, ndiyo maana ukitazama ramani ya netiboli ni kama unatazama ramani ya shule za mkoloni: Australia, New Zealand, Jamaica, Malawi, Uganda, Tanzania, na hapa. Mamangu alicheza. Nyanya zenu wengine mlowaacha nyumbani leo walicheza, tena na zile sketi za mikunjo, waulizeni mkirudi.

Sasa Mwingereza aliuzaa mchezo lakini akaja akapokonywa na watoto. Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa kwake mwenyewe, Eastbourne, mwaka 1963, na Australia wakalichukua wakaenda nalo. Tangu hapo ikawa karibu kila mara ni Australia na New Zealand, New Zealand na Australia, miaka nenda miaka rudi, Mwingereza yuko pale wa tatu wa nne. Na sababu haikuwa vipaji. Sababu ni kwamba kule Australia msichana alikuwa akicheza mechi ngumu kila wiki, na tangu 1997 walikuwa na ligi yao kubwa ya timu nane, Commonwealth Bank Trophy, msimu mzima, wakati Mwingereza alikuwa acheza mechi chache za klabu za maana kwa mwaka kisha aitwa timu ya taifa akapambane na watu waliokaa vitani miezi mitano.

Basi mwaka 2005 wakaanzisha Superleague. Timu nane: Team Bath, Brunel Hurricanes, Celtic Dragons wa Wales, Mavericks wa Hertfordshire, Leeds Carnegie, Loughborough Lightning, Northern Thunder wa kule Manchester, na Team Northumbria.

Hapo nataka msimame na mimi kidogo, haswa nyinyi walimu. Yatazameni hayo majina. Bath ni chuo kikuu. Loughborough ni chuo kikuu. Brunel, Northumbria, Leeds Carnegie, vyote vyuo. Hawakukaa wakasema tungoje serikali itujengee uwanja wa netiboli halafu ndo tuanze, walikwenda mahali ambapo tayari pana ukumbi, pana taa, pana daktari wa misuli, pana kitanda cha msichana kulala na darasa la kusoma asubuhi yake, wakasema ligi itakaa hapa. Na wale wachezaji hawakuwa matajiri, jamani, wengi walikuwa wanafunzi, wengine walimu, mtu atoka kazini aingia mazoezi usiku, wikendi yuko kwenye basi aenda mechi. Kitu kikubwa walichopewa ni kalenda. Wajua Januari kwamba mwezi wa tatu Jumamosi fulani una mechi na fulani, na siku hio ikifika mechi ipo. Hilo tu. Mimi naamini ligi ni hilo kwanza, mengine yote yaja nyuma yake.

Na mwasema mbona ashikilia sana hilo la kalenda. Ntawaambia. Mimi nilimaliza fomu foo nikiwa GD, gadi wa upande wa goli, na nilikuwa mzuri, nasema hivo bila kuona haya. Baada ya shule tukaunda timu, wasichana kumi na mmoja wa Likoni na Mtongwe, tukaambiwa na ofisi moja kwamba kuna mashindano ya mkoa tarehe fulani. Tukachanga nauli. Mmoja wetu aliuza maandazi wiki tatu. Siku ikafika tukavuka feri alfajiri na mapema, tukapanda matatu, tukafika kule uwanjani tukamkuta bawabu na mbuzi wanne. Hakuna timu, hakuna refa, hakuna hata mtu wa kutwambia. Tulipopiga simu tukaambiwa yamesogezwa mbele, na hio "mbele" mpaka leo hii naongea na nyinyi haijafika. Ile timu haikucheza tena. Hatukugombana, hatukukosana, kila mtu alirudi kwao na maisha yakaendelea, wawili waliolewa mwaka ule ule, na ule mpira wetu ulikaa juu ya kabati kwa mamangu mpaka ukapasuka wenyewe kwa joto.

Turudi Uingereza. Msimu wa kwanza Team Bath wakachukua, 2006. 2007 wakachukua tena. Mavericks wakaja 2008, Bath wakarudi 2009 na 2010, Mavericks 2011, na Bath wakafunga hesabu yao ya kombe la tano 2013. Katikati hapo, 2012 na 2014, walichukua Thunder, na mwalimu wao alikuwa mama anaitwa Tracey Neville. Naona wababa mmeinua vichwa. Ndiyo, dadake Gary Neville na Phil Neville wa Manchester United, na huyo Phil ni pacha wake wa tumbo moja. Miaka yote hapa vibandani twawataja hao kaka zake, nani hapa alijua kuwa kuna dada? Naye alichezea taifa, akafundisha Thunder, halafu akapewa timu ya taifa ya Uingereza.

Na huyo ndiye aliyekwenda nayo Gold Coast, Australia, 2018, michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali dhidi ya Australia kwao, mbele ya watu wao. Mechi iko sare, 51 kwa 51, saa inakwisha, Uingereza wapata penalti, Helen Housby ashika mpira, arusha, waingia. 52 kwa 51. Dhahabu ya kwanza ya Uingereza katika netiboli ya Madola. Housby huyo alikuwa msichana wa Thunder, alichukua ligi nao 2014 akiwa mdogo kabisa, na wakati wa ile penalti alikuwa ashakwenda zake Sydney kucheza kwa Swifts, kwa sababu Australia nao 2017 walikuwa wameanzisha ligi mpya yenye pesa zaidi. Kwa hivo ligi ya Uingereza ilimlea, ya Australia ikamnoa, na taifa likavuna. Miaka 13 toka 2005. Mtu anaetaka matunda ya mwaka mmoja netiboli itamchosha.

Haya sasa watoto wetu, maana ndio nilowaitia.

2015 Loughborough Lightning walimchukua msichana kutoka Uganda, Peace Proscovia, nahodha wa She Cranes, timu yao ya taifa. Shuta, yaani mrushaji wa golini. Mrefu, mikono mirefu, na utulivu ambao mimi sijauona kwa mtu mwengine. Alikaa na Lightning mpaka 2018, wakafika fainali 2017 wakafungwa na Wasps, wakafika 2018 wakafungwa na Wasps hao hao. Akaondoka akaenda Australia, timu ya Sunshine Coast, nayo jina lake ni Lightning pia, kisha akarudi Uingereza kwa Surrey Storm. Na Loughborough walipompoteza walikwenda wapi kutafuta mwengine? Walirudi pale pale Uganda. Wakamleta Mary Cholhok Nuba.

Mabinti, Mary Cholhok mtafuteni kwenye simu zenu usiku huu mumtazame jinsi anavyopokea mpira. Apita mita mbili kwa urefu, lakini urefu peke yake si kitu, warefu wako wengi wamesimama tu. Yeye hukaa mbele ya gadi, mgongo umembana yule gadi nyuma bila kumsukuma, mkono mmoja juu kabisa, na mkono ule ndio anwani. Mwenzake hatafuti mtu, atafuta mkono. Mpira waja juu, juu zaidi ya gadi anavyoweza kuruka, Mary audaka kwa vidole kama mtu achuma embe, auteremsha, miguu imetulia, atazama ringi, na hapo ana sekunde tatu tu kwa sheria lakini utadhani ana siku nzima. Kisha aurusha. Hana haraka. Kumbukeni hakuna ubao nyuma, ringi iko mita 3.05 juu na ukikosea mpira hauna pa kugonga ukarudi.

Na huyu, pamoja na hao Lightning walokuwa ligini tangu siku ya kwanza 2005 bila kombe, 2021 wakalichukua la kwanza. Miaka 16 ya kungoja. Wakachukua tena 2023, wakachukua 2024. Upande wa Manchester nako Thunder walikuwa na Joyce Mvula, mtoto wa Malawi, wakachukua 2019, na 2022 walikwenda msimu mzima bila kupoteza mechi hata moja. Kwa hivo mkitazama kuanzia 2019 mpaka 2024, ukiutoa 2020 ambao corona iliufunga, kila kombe lilochukuliwa pale kuna mkono wa msichana wa Afrika unaotia mpira ringini. Kila moja.

(Hapa mwalimu mmoja akauliza: sasa hao Waganda wamewezaje na sisi tumeshindwa, si majirani tu?)

Mwalimu, swali lako ndilo lilonileta. Hawana dawa. Wana ligi. Uganda wana ligi ya taifa ya netiboli, na ndani yake mna timu za NIC, ile kampuni ya bima, kuna Prisons yaani magereza, kuna polisi, kuna KCCA ya halmashauri ya Kampala. Kwa hivo msichana akimaliza shule na ajua kucheza, kuna mlango wa kubisha, huenda akapata timu na mshahara pamoja. Malawi wana Kukoma Diamonds, wana Tigresses. Tanzania hapo, kilomita mia tu kutoka hapa tulipokaa mpaka ufike mpakani, wana timu za jeshi na magereza na uhamiaji zinacheza ligi yao chini ya CHANETA, chama chao cha netiboli. Wale maskauti wa Loughborough hawakuja wakamkuta Peace akicheza peke yake uani kwao. Walimkuta ndani ya mashindano.

Na matunda yake mwayaona. Kombe la Dunia 2019 Liverpool, Malawi wa sita, Uganda wa saba. 2023 kombe likaja Afrika kwa mara ya kwanza, Cape Town, na Uganda wakawa wa tano duniani, wakimfunga Afrika Kusini kwao katika mechi ya kugombea hio nafasi. Wa tano duniani, jamani! Afrika tulipeleka nchi nne. Kenya hatukuwepo.

Na msiniambie Mombasa hakuwezekani, kwani basketboli tulifanya vipi? Wasichana wa KPA mwawajua, Makande pale, wamechukua ubingwa wa nchi, kwa sababu bandari iliweka timu na timu ikakaa. Na Kaya Tiwi pale Kwale wamewapa nchi nzima shida kwenye basketboli ya shule. Hao wasichana ni wa Pwani hii hii, wala samaki hii hii, wanywa maji haya haya ya chumvi. Mpira wa pete ndio ulioachwa bila mwenyewe.

Lakini sitaki mdhani nawauzia pepo. Ligi ile nayo ina makovu yake na ni lazima niwaambie, kwa sababu tukianza yetu tutakutana na mambo hayo hayo.

La kwanza ni Wasps. Hao waliingia 2017 wakiwa tawi la klabu ya raga, klabu tajiri, uwanja mkubwa, wakachukua kombe mwaka wa kwanza na wa pili. Kila mtu akasema ndiyo njia, netiboli ijibanze kwa raga. 2022 ile klabu ya raga ikafilisika, na timu ya netiboli, ambayo haikukosa chochote, mabingwa mara mbili, ikatoka ligini nayo. Mwenye nyumba akifukuzwa mpangaji hulala nje. Sasa mimi sisemi tukatae mdhamini, nasema vyombo vyako vijue viko wapi.

La pili laniuma zaidi. Ligi ikaamua kwamba kuanzia 2025 iwe ya kulipwa kikamilifu zaidi, timu zipungue zibaki nane, na kila anaetaka kuingia aombe upya. Wakaingia wapya, Birmingham Panthers, Nottingham Forest. Na Team Bath, wale wale wa msimu wa kwanza, vikombe vitano, hawakupata nafasi. Wameachwa nje. Sababu zao nazielewa, wanataka kumbi kubwa na miji mikubwa na televisheni, na kweli fainali ya 2025 ilichezwa O2 pale London, ukumbi wa wanamuziki wakubwa, London Pulse wakachukua kombe lao la kwanza. Nilifurahi kuona wanawake wa netiboli mle ndani. Lakini kuna msichana wa miaka 14 pale Bath ambae alikuwa avaa jezi ya buluu akitazama dada zake kila wiki, sasa yeye atatazama nani? Mimi naona hapo walikosea. Mtu aliyekuwashia jiko humtoi nje chakula kikiiva.

(Binti mmoja akasimama akasema, mwalimu, mimi ni mfupi, hao wote uliowataja ni warefu.)

Njoo hapa mwanangu. Njoo tu, usiogope watu. Jina lako sitaki, nataka miguu yako. Shika huu mpira. Wewe ni senta sawa, C, wewe ndie mwenye ruhusa ya kwenda kila mahali isipokuwa ndani ya duara mbili za goli. Sasa kimbia uje kwangu, nakurushia, udake ukiwa hewani... umetua na mguu gani? Kulia. Basi huo kulia umeshapigiliwa msumari. Huu wa kushoto waweza kuuzungusha utakavyo, lakini wa kulia ukiuinua usiurudishe chini kabla mpira haujatoka mkononi, ukiurudisha refa apuliza. Tazameni alivyogeuka huyu! Mmeona? Amegeuka kwa mguu mmoja na tayari macho yako mbele. Hicho ndicho kitu cha senta, na mtu mfupi hugeuka haraka kuliko mrefu. Timu ina watu saba, wawili ndio wa kurusha golini. Mary Cholhok hapati mpira wowote kama hakuna mtu mfupi mwenye mapafu makubwa wa kuukimbiza kutoka nyuma uwanja wa mita 30 na nusu kwa dakika 60. Kakae, na Jumamosi nataka nikuone.

(Mama mmoja akauliza kuhusu mavazi, kwamba mumewe hatakubali sketi fupi.)

Mama, nimekuelewa, na baba ana haki ya kuuliza. Kwangu mimi wasichana wanacheza na suruali ya kubana ndefu chini, fulana ya mikono mirefu, na hijabu ile ya kuvaa kichwani bila pini. Pini ndio siziruhusu, wala heleni, wala kucha ndefu, kucha nazikagua mwenyewe kabla ya mechi kama refa anavyokagua. Bibu ya herufi, ile ya kuonyesha nafasi ya mchezaji, twaivaa juu ya yote. Mwambie baba aje atazame, na akija aje na kiti maana pale hakuna.

Sasa nimalizie na tunachofanya, maana nishaongea kuliko nilivyopewa. Tumekaa walimu sita, tukaamua tuanze yetu ndogo. Timu sita: Likoni, Mtongwe, Changamwe, Kisauni, Bamburi na hapa Tononoka. Kila timu icheze na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, hio ni Jumamosi kumi, mechi tatu kila Jumamosi, mechi thelathini kwa jumla. Hatuna mdhamini. Viwanja ni vya shule, wakuu wa shule wamekubali kwa sharti tufagie tukimaliza. Ringi mbili fundi wa pale Changamwe ametuchomea kwa bomba la maji, nimezipima mwenyewe, upana sentimita 38 kamili, moja ilikuwa 41 nikamrudishia. Marefa tunao wanne, twahitaji wawili zaidi, mwalimu yeyote anaetaka kufundishwa anione hapa mbele baadae.

Ratiba nimeiandika kwa kalamu nzito, iko kwenye ule ukuta karibu na mlango, tarehe zote kumi. Mvua ikinyesha twangoja ipungue twacheza. Timu ikija na watu watano mechi itapigwa, sheria yaruhusu watano. Refa asipokuja nitapuliza mimi. Mabinti, pigeni picha ile karatasi kabla hamjatoka, na wewe mama ulouliza kuhusu mavazi, mechi ya kwanza ni Likoni na Kisauni, saa kumi jioni, kwa hivo wale wa ng'ambo vukeni feri ya saa nane.